Nafasi Tupu Katika Wosia wa Wakili Hargis

Hapo zamani, zamani za treni za moshi na kofia ndefu, Wamarekani walipigana wao kwa wao miaka minne mizima, kaskazini na kusini, kisa watu weusi waliokuwa wakiuzwa sokoni kama ng'ombe. Vita vikaisha, watu wakazikana, walionusurika wakarudi makwao. Hadithi yangu ni ya mmoja wa hao walionusurika. Na kabla sijaianza nasema mapema: anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwisho wake sitausema mimi, nitawauliza ninyi. Haya, kila mtu akunje ngumi ya mkono wa kulia, aiweke gotini. Ikaze. Msiniulize kwa nini.

Mtu mwenyewe aliitwa Lemuel Hargis. Alikuwa askari, akawa wakili, akawa mwanasiasa, na siku ninayoanzia alikuwa maiti. Amelazwa mezani sebuleni kwake, mji wa Tolliver, jimbo la Indiana, mwezi wa Julai, joto la kulainisha mishumaa. Wamemvalisha koti lake jeusi, na mkono wa kulia wa koti hilo ulikuwa mtupu, umekunjwa na kushonewa kifuani, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikatwa vitani akiwa na miaka ishirini na miwili.

Chumba cha pili alikaa binti yake Permelia, mtoto wake wa pekee aliye hai, mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Mbele yake palikuwa na karatasi, kidau cha wino na kalamu. Karatasi ile ndiyo wosia wa baba yake. Sasa sikilizeni kituko. Wakili Hargis aliwaandikia wosia watu wa wilaya nzima, matajiri na mafukara, hata mwanamke mmoja aliyekuwa na kuku sita tu na dada wawili wasioelewana. Wosia wake mwenyewe ukamshinda. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa na kutiwa sahihi, isipokuwa mstari mmoja uliosema: Nataka nizikwe kando ya. Halafu nafasi tupu, upana wa jina moja. Halafu nukta.

Siku tatu kabla hajafa, Permelia aliuona mstari ule akamwuliza. Mzee alikuwa amechoka, lakini akili zake zote zilikuwapo.

"Nimehangaika na mstari huo miaka kumi na mmoja, Melia," alimwambia. "Kila nikiandika jina moja, nawadhulumu wengine wawili. Nikishakwenda, ujaze wewe."

Permelia akamwambia afadhali angempa kazi nyingine yoyote duniani. Baba yake akamshika kwa mkono wake wa kushoto, akamjibu kwamba ndiyo maana anampa yeye na si mwanasheria mwingine. Hakuligusia jambo hilo tena.

Basi asubuhi ile mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na kwenye ngazi amekaa Mzee Ottinger, mchimba makaburi, sepeto kati ya magoti. Na joto lile la Julai, maiti haingoji kesho. Mzee Ottinger alikuwa mtu wa heshima, hakupiga kelele. Alikuwa anaingiza kichwa tu mara moja moja na kuuliza, "Nichimbe wapi, binti?"

Permelia alijua mahali ni patatu, kwa sababu watu ni watatu. Nitawaambia mmoja mmoja, kama yeye alivyowakumbuka pale mezani, kalamu mkononi.

Wa kwanza ni wa askari.

Lemuel alipigwa risasi ya kiwiko huko Kentucky, ndani ya shamba la mahindi. Kikosi chake kikarudi nyuma, majeruhi wakaachwa palepale. Kambini kulikuwa na mwendesha nyumbu aitwaye Cato Freeling, mtu mweusi aliyetoroka kwa bwana wake wiki sita tu kabla ya hapo. Watu wa kusini wangemkamata wangemrudisha kwenye minyororo, na hiyo ndiyo ingekuwa bahati nzuri. Lakini Cato alisikia mtu anaita mahindini, roho ikamkatalia kuondoka. Akaingia. Akaufunga ule mkono kwa hatamu ya nyumbu, akambeba Lemuel mgongoni, akatembea naye maili tatu. Hawakuwa wanajuana hata kwa jina.

Daktari wa jeshi akaukata mkono, akautupa nyuma ya hema pamoja na mingine. Lemuel, homa imempanda, akawa analia kwamba nguruwe watamla mkono wake. Alilia hilo tu, wala hakuulizia kama atapona. Cato akaenda nyuma ya hema, akautafuta mkono ule, akautia katika kasha la misumari na chumvi kidogo, akauzika haraka haraka kando ya ukuta wa kanisa, kwa sababu kambi ilikuwa inahama.

Lemuel akarudi kwao Indiana bila mkono, ila mkono wenyewe haukukubali kwamba haupo. Aliuhisi. Aliuhisi umekunja ngumi, kucha zinamchoma kiganjani, na hawezi kuifungua. Haya, ngumi zenu vipi? Vidole vimeanza kufa ganzi? Wewe hapo usinidanganye, nimekuona unailegeza. Ninyi mmekaa dakika chache. Yeye aliikunja miezi mitano, mchana na usiku, akawa mtu wa kupiga kichwa ukutani.

Watu wa kule walikuwa na imani yao. Waliamini kiungo kilichokatwa kikizikwa vibaya, mwenyewe ataumia mpaka kifukuliwe kikalazwe sawasawa. Lemuel akatuma barua kambini kwa Cato. Cato hakujua kusoma, mhubiri akamsomea. Mhubiri alipomaliza akatabasamu, akaiona ni mambo ya wagonjwa. Cato hakutabasamu. Akaomba ruhusa, akatembea siku mbili kurudi kwenye lile kanisa, akafukua kasha, akalifungua. Mkono ulikuwa umekunja ngumi. Ndivyo alivyouzika, kwa ile haraka. Akakaa chini, akavinyoosha vidole kimoja baada ya kingine, kwa mikono yake, polepole, na harufu sitawaelezea. Siku hiyo huko Indiana Lemuel alikuwa anakula uji, akaweka kijiko chini, akasema, "Umefunguka." Ilikuwa siku ileile, au ya jirani yake. Cato na Lemuel walibishana tarehe maisha yao yote na hawakukubaliana.

Baadaye Cato naye alivaa sare akapigana. Vita vilipokwisha akaja Tolliver na kasha lake kwapani, akafungua karakana ya uhunzi, akauzika mkono ule kwenye kilima nyuma ya karakana. Alimzika hapohapo mkewe pia. Pale kilimani pamebaki nafasi ya makaburi mawili tu, lake mwenyewe na jingine moja.

Nyoosheni kidole cha kwanza. Huyo ni Cato. Vingine viacheni vimekunjwa.

Wa pili ni wa wakili.

Wakati huo mtu hakwenda chuoni kusoma sheria. Alijifunza ofisini kwa wakili mzee, akisoma vitabu na kunakili nyaraka mpaka jaji amwite amhoji. Sasa utanakili nini na mkono wa kulia huna? Lemuel alikuwa na dada, Orpha, mkubwa wake kwa miaka miwili. Orpha akawa mkono wake. Barua ile aliyopelekewa Cato, ni yeye aliyeiandika. Nyaraka zote za miaka mitatu, ni yeye. Alimsomea vitabu vya sheria jikoni huku anakanda unga, akirudia mpaka vikamkaa kaka mtu kichwani, na vikamkaa yeye vizuri zaidi. Siku jaji alipomhoji Lemuel, Orpha alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango na mfuko wake wa kufuma. Lemuel mwenyewe alisimulia kwamba palikuwa na swali moja lililomkwamisha, akamtazama dada yake, na Orpha akashusha macho kwenye uzi, kwa kuwa jibu alikuwa nalo na ruhusa hakuwa nayo. Mwanamke hakuwa wakili siku zile. Lemuel akapewa cheti, wakarudi nyumbani kwa mguu, na Orpha akapika chakula cha sherehe.

Alikuwako pia kijana mmoja, seremala mzuri tu, aliyemchumbia Orpha ili waende kuishi Oregon, mbali magharibi. Orpha akamwambia asubiri mwaka mmoja, kaka yake hawezi kufunga vifungo. Mwaka wa pili akamwambia vilevile. Wa tatu seremala akaenda Oregon peke yake. Orpha alibaki katika shamba la wazazi wao, na ndiko alikozikwa mama yao. Pembeni ya mama pamebaki nafasi mbili.

Nyoosheni kidole cha pili. Huyo ni Orpha.

Wa tatu ni wa mwanasiasa.

Drusilla alikuwa mwalimu wa shule ya Tolliver. Siku moja alimwona Wakili Hargis mahakamani, hodari wa kusema, halafu ikafika saa ya kutia sahihi akampa dada yake kalamu huku anatazama sakafu. Drusilla akaja nyumbani bila kualikwa, akasema amekuja kumfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Lemuel akamwambia mtu mzima hafundishwi herufi. Drusilla hakubishana. Akavua mtandio wake, akamwomba Orpha amfungie mkono wake wa kulia kwa nyuma, kisha akakaa, akashika kalamu kwa kushoto, akaandika jina lake vibaya kama mtoto wa miaka minne. Akamsogezea Lemuel karatasi, akamwambia amshinde. Miezi minane walikaa hivyo, wote wawili mkono mmoja mmoja, wanachekana. Kukawa na mashindano ya mwandiko ya askari waliopoteza mkono wa kulia, Lemuel akapeleka ukurasa wake. Hakushinda. Lakini siku hiyo alimwandikia Drusilla barua ya posa kwa mkono wake mwenyewe, na Drusilla alisema hiyo ndiyo zawadi ya kwanza.

Ni Drusilla aliyempandisha jukwaani. Lemuel aliona haya kusimama mbele ya watu na mkono mtupu wa koti lake unaning'inia. Drusilla akamshonea kila koti, akalikunja vizuri kifuani, akamwambia sasa watu watatazama uso wako. Akachaguliwa kwenda kwenye baraza la kutunga sheria la jimbo, akachaguliwa tena. Mara ya tatu akapeleka mswada kwamba askari wote wazikwe ndani ya uzio mmoja, weupe kwa weusi. Makaburi ya mji wa Tolliver yalikuwa na uzio wa chuma, na mtu mweusi hakuzikwa ndani yake hata kama alivuja damu kwa ajili ya nchi. Lemuel alikuwa anamfikiria Cato. Mswada ukaanguka kwa kura nne, naye akaanguka uchaguzi uliofuata. Majirani waliacha kuja kunywa chai. Drusilla aliendelea kutandika meza kwa vikombe vyote, jioni baada ya jioni, akamwambia mumewe kwamba hajawahi kumpenda kama alivyompenda siku aliyoshindwa.

Ndani ya uzio huohuo, lakini, amelala mtoto wao wa kwanza, wa kiume, aliyeishi siku tisa. Na kando ya kaburi lile dogo Drusilla ametengewa mahali pake.

Nyoosheni kidole cha tatu. Huyo ni Drusilla.

Najua kuna mjanja hapa anataka kusema wazikwe wote pamoja, yaishe. Kaa chini. Cato haruhusiwi ndani ya uzio. Drusilla hamwachi mtoto wake, na Orpha hamwachi mama yake. Marehemu ni mmoja, hagawanyiki. Permelia naye alishayafikiria hayo yote kabla yako, kalamu mkononi, jasho linamtiririka.

Akawaita. Aliona ni haki awasikilize wenyewe.

Orpha akaingia wa kwanza, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mgongo umenyooka. Hakukaa. Permelia akamwuliza kwa adabu, shangazi angependa iwe wapi.

"Mimi sina mume, sina mtoto," Orpha alisema. "Sijutii, usinihurumie. Lakini miaka yote hii nilipokuwa nafikiri mwisho wangu, nilijiona nimelala kati ya mama na Lemuel. Nilimpa mkono wangu wakati hana. Akipelekwa kwingine, nitalala na nafasi tupu pembeni yangu, na hakuna wa kuijaza."

Akatengeneza kola ya Permelia iliyokuwa imepinda, kama alivyofanya tangu mtoto akiwa mdogo, akaenda kusimama dirishani.

Mama yake Permelia akaja. Drusilla alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, wala hakuficha. Permelia akamwuliza swali lilelile. Drusilla akasema maneno machache.

"Miaka thelathini na mmoja nimelala upande wake wa kulia. Upande usio na mkono. Nilitaka akigeuka usingizini akute mtu, asikute pengo. Mimi sijui kulala mahali pengine, Melia."

Permelia akaweka kalamu chini, akamkumbatia mama yake, wakalia pamoja. Na Orpha pale dirishani akasema, bila kugeuka, kwamba hilo hakulijua. Mzee Ottinger akaingiza kichwa kutaka kuuliza, akaona yaliyopo, akakirudisha.

Ndipo Cato Freeling akafika. Alikuwa mzee wa miaka sabini, nywele nyeupe, suruali ya kwendea kanisani, na udongo mbichi umeganda magotini. Kwapani amebeba kasha la misumari. Alikuwa ametoka kilimani. Alikuwa amefukua.

Akawasalimu wanawake wale kwa majina yao, akaliweka kasha mezani mbele ya Permelia, akafungua kifuniko. Ndani, juu ya kitambaa chekundu, ilikuwa mifupa ya mkono, imepangwa sawasawa, na vidole vyote vitano vimenyooka. Permelia hakuwahi kumwona baba yake na mkono ule. Alizaliwa haupo. Akavitazama vidole vile, akaona kidole kidogo kimejipinda ndani kidogo, akatazama chake mwenyewe, kimejipinda vilevile. Machozi yakamshuka upya.

Cato akamweleza kwamba amemletea Kapteni, ndivyo alivyozoea kumwita Lemuel, mkono wake, azikwe mzima, popote watakapoamua. Akasema kama itakuwa ndani ya uzio, yeye atasimama nje, anaona vizuri kutoka pale barabarani. Aliyasema bila uchungu, na ndiyo maana yaliuma.

"Na wewe mwenyewe, Bwana Freeling?" Permelia alimwuliza. "Sikukuuliza la kasha. Nakuuliza unataka nini."

Mzee yule akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nataka kumzika kilimani, mwanangu," akasema. "Nilimbeba maili tatu asibaki peke yake. Miaka thelathini na sita nimekaa na kipande chake pale, nakipalilia kila mwezi wa Mei. Nilizoea kufikiri kwamba siku moja kingine kitakuja."

Orpha akatoka dirishani, akasogea, akavigusa vidole vile kwa ncha ya kidole chake, vidole alivyoviandikia barua. Drusilla akachukua mtandio wake mabegani, akaukunja, akauweka chini ya ile mifupa isigongane na mbao. Cato akamsaidia kuulaza. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake, na hakuna aliyesema basi mimi naacha.

Permelia akachovya kalamu katika wino. Ilikuwa saa tano na robo. Akaandika jina moja katika ile nafasi, likaenea sawasawa. Mzee Ottinger akaitwa, akasoma, akavaa kofia yake, akatupia sepeto begani, akatoka. Wote watatu walilia, kwa hiyo msitegemee machozi yawasaidie kubahatisha.

Jina lenyewe ninalijua. Silitaji. Tazameni mikono yenu: vidole vitatu vimenyooka, viwili bado vimekunjwa, na ninyi mmeshahisi kidogo tu jinsi ngumi inavyouma. Mmoja alimpa uhai akamfungulia ngumi, mmoja alikuwa mkono wake alipokuwa hana, mmoja akamrudishia wa kwake mwenyewe. Kaburi ni moja, na jua la Julai halingoji.

Kalamu hii hapa. Je, nani alistahili kulala kando yake?